Ngoma Isiyofungwa

Jumanne

Nilidhani Susu atafurahi.

Nimeenda Kalama leo kumsikilizisha nyanya yangu wimbo wangu mpya, ule redio zinaucheza kutwa. Ndani kuna ngoma ya kilumi, ambayo akina mama wazee huipiga kuita roho. Niliirekodi kwa simu hapo hapo kwake siku za nyuma. Leo Susu alisikiliza akichambua kunde. Mwishoni, pale prodyusa alipoishusha ngoma polepole mpaka ikapotea, akainua kichwa.

"Imeishia wapi?"

"Imeisha, Susu."

"Haijaisha. Imeenda mbali tu." Akaweka ungo chini. "Kilumi hufungwa. Mpigaji anapiga pigo la mwisho kwa nguvu, ndio waliokuja wajue warudi kwao. Wewe umeita wageni na hukuwasindikiza."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nimempigia prodyusa. Anasema mwisho wa hivyo ndio watu wanapenda, niache ushamba. Na kweli wanaupenda. Miaka tisa nimeimba kwa harusi za wengine, watu wakila, na huu ndio wimbo wa kwanza uliofanya watu waniite jina barabarani. Nikisema wimbo uondolewe redioni nitarudi kule kule. Sitaki.

Jioni, nimesharudi nyumbani, jirani aliucheza kwa redio yake. Ukafika mwisho, ngoma ikashuka, ikashuka. Akazima redio, akatoka, akafunga mlango.

Nimepika, nimekula, nimeosha vyombo, nimeandika haya yote. Bado naisikia ngoma.

Tena haiendi mbali. Inarudi.