Nywele za Tamatoa

Atiu, 4 Machi 1996

Mpendwa mdogo wangu Vaine,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani kisiwani. Mama hajambo, ila magoti. Baba anakusalimu, anauliza kama bado unapika magimbi au umeshakuwa mzungu. Kaka Ngapoko hajambo, na mkewe, na mapacha wao. Mume wangu Rua anakusalimu kutoka shamba la kahawa. Hata nguruwe wako uliyeniachia hajambo, amenenepa kunishinda. Sisi wazima, ni uchovu tu. Wasiwasi ni juu yenu huko Auckland, wewe na mwanangu Tamatoa.

Anakula? Amekuuma? Akitaka kutoka usimzibie mlango, toka naye mkae nje.

Mwalimu mkuu wa hapa hatampokea tena shuleni mpaka madaktari wa huko waseme ana nini. Ngapoko alimjibu, "Ana miaka minane, ndiyo aliyo nayo." Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Hiyo picha ya ubongo watakayompiga hospitali ndiyo tegemeo langu. Ikionyesha kidonda, basi mwanangu ni mgonjwa, si mkorofi, na watu watanyamaza.

Sasa jambo moja. Nywele zake zinafika kiunoni. Mashine itauonaje ubongo ndani ya msitu ule? Zikate. Najua ni haki ya wajomba kumkata mara ya kwanza siku ya sherehe, kila mmoja fungu lake, na shuka ya kufunika kiti atakachokalia nimeshaishona. Nitawakabili mwenyewe. Mkate akishapewa dawa ya usingizi, maana akiwa macho hakubali kichwa kiguswe.

Dada yako,
Mii

Auckland, 19 Machi 1996

Shikamoo dada,

Hatujambo. Nilifanya ulivyosema. Dawa ilipomshika tu nikamkata. Nesi akaingia, akanikuta na mkasi. "Mama, kwa nini? Mashine haizuiwi na nywele. Tulitaka utoe vibanio vya chuma tu."

Picha ni safi, dada. Hakuna kidonda. Nikauliza, basi ana nini? Daktari akasema picha haioni kila kitu, mtoto anaweza kuwa na shida ya kweli na picha isionyeshe. Anataka umpigie simu umweleze ya tangu utotoni.

Tangu aamke hajampiga mtu. Jirani anasema amepona. Hajapona. Anakaa na mfuko wa nywele mapajani. Jana kaniuliza, "Mama mdogo, sasa wajomba watakata nini?"

Mdogo wako,
Vaine

Atiu, 28 Machi 1996

Mpendwa Vaine,

Hapa wote wazima, msalimie mwanangu.

Mwalimu mkuu nimemwambia picha ni safi. Akasema, "Basi ni utundu." Nikakaa kwenye ngazi za shule. Nilikuwa naomba kidonda, Mungu anisamehe. Daktari nitampigia kutoka posta Jumatatu, na nitamwomba aongee na mwalimu huyu, maana mimi maneno yameniisha.

Wajomba nimewaambia. Wamenigombeza, haki yao. Kisha Ngapoko akauliza, "Mfuko upo?"

"Upo."

"Basi tutazifunga utepe hizo za mfukoni, kila mtu akate fungu lake. Yeye akae kitini. Kichwani hatumgusi."

Hapo nililia, Vaine. Sherehe ile niliiogopa kuliko mashine, ukoo mzima kumshika kichwa mtoto asiyeshikika.

Muulize mwenyewe kama anakubali. Usimjibie. Akinyamaza, mngoje. Kisha nitumie neno lake kwa ndege ya kwanza, upesi, maana Ngapoko ameshaanza kumtazama nguruwe wako.

Dada yako,
Mii