Nimebandikwa Mlangoni Nikiwa Hai

Ognyan, mwenzio nimekufa! Toka nje ukasome mlangoni kwenu.

Si unalijua darasa langu la kompyuta la wazee? Leo nimewafundisha amri ya kuchapa. Bibi Rayna akadai, "Sisi tunachapa matangazo ya vifo tu, yale ya kubandika milangoni, tufundishe hayo." Nikaandika la mfano, nikatia jina langu na picha yangu, nisije nikamchuria mtu.

Bibi kalichapa, kalibandika mtaa mzima. Mtaa mzima, Ognyan!

Mama mkwe kaja na ngano ya kuchemsha ya matanga. Kunikuta hai, kanuna.

Nikakimbilia darasani, nikamfokea Bibi Rayna. Hata hakugeuka, anagonga vitufe tu.

"Si ulisema Control na Z inarudisha kila kitu kilivyokuwa? Basi tulia, mwanangu, nakufufua."