Pengo Kwenye Ubao wa Zaina

Lushoto, Julai

Kaka Hoza,

Shikamoo. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nakuandikia nimejifunika shuka juu ya khanga mbili, nakula mapea ya Shangazi.

Mdogo wetu Zaina hajambo. Bado anazungumza kwa ule ubao wa picha ambazo Mama alizikata kwenye maboksi ya chai na biskuti, tangu ruksa ya kuingiza bidhaa ilipojaza maduka. Sauti hana na mikono haimtii, lakini picha anayoikazia macho ndiyo inayoonyesha anachotaka. Ukimuuliza, akiinua macho ni ndiyo, akifumba ni hapana.

Jana tulikaa jikoni tukimzungumzia marehemu Mama, mpaka tukacheka. Zaina akawa anakazia macho pembe ya ubao isiyo na picha. Nikamuuliza, unataka chai? Akafumba. Unasikia baridi? Akafumba. Ndipo nikaona gundi iliyokauka.

"Hapo palikuwa na picha ya mama yenu," Shangazi akasema. "Niliibandua baada ya msiba, maana kila akiitazama alilia. Ikachanika."

Nikamuuliza Zaina, ulitaka kumtaja Mama? Akainua macho, akayaacha hukohuko juu.

Msalimie wifi na watoto, nawakumbuka sana. Ila nakuomba, nitumie ile picha ya Mama iliyo ukutani kwako. Wewe ukimkumbuka utasema "Mama," hata ukiwa peke yako chumbani. Zaina hana tena neno hilo.

Mdogo wako,
Rehema