Saa ya Hud

Ibra,
14 Novemba 2025

Mpendwa kaka Hud,

Assalaam alaikum warahmatullah. Shikamoo kaka. Hujambo na baridi ya huko? Kifua chako je? Mama hakuwa akiacha kukiulizia, na sasa nimebaki kukiulizia mimi. Watoto hawajambo? Sisi tupo, alhamdulillahi. Nyumba imekuwa kubwa. Chai ninayopika inabaki nusu birika kila asubuhi, mkono haujazoea kupunguza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zangu hupokei. Israa, binti wa jirani anayesoma huko kwenu, anarudi Jumapili, na ameniahidi kuileta barua hii mpaka mlangoni kwako. Nakuomba uisome yote kabla ya kuichana.

Maneno uliyomtumia Alyaa yamenifikia, kwamba tulimharakisha Mama kaburini kama vile hakuzaa mtoto wa kiume. Mwanangu alinipa simu nisome mwenyewe, akashindwa kunitazama. Yameniuma. Lakini ningekuwa mimi niliye huko, pengine ningesema mabaya zaidi.

Kaka, hakuna aliyeharakisha. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Jumapili ile Mama alikata roho baada ya chai ya asubuhi. Nilipokupata ndiyo kwanza unataka kuliwasha basi, ukaniambia huna wa kukupokea zamu mpaka saa tano ya huko, na simu huzimwa mtu akiwa usukani. Ukasema, "Msimtoe. Niwekee simu sikioni mwake nimuage." Ami Thuwaini alikuwa amesimama mlangoni. Tangu baba afe yeye ndiye mkubwa wetu, na alipaza sauti makusudi ili usikie: "Mwambie hatoki mtu humu mpaka mwanawe aseme naye."

Unaikumbuka saa ya ukuta uliyomnunulia Mama pale Nizwa kabla hujasafiri, ukaitega kwa majira ya Uingereza? Mpaka leo tunaiita saa ya Hud. Anayetaka kukupigia hutazama kwanza ukutani. Hakuna anayehesabu.

Ambalo pengine hukulijua ni jinsi ilivyokuwa ikigeuzwa. Kila mwaka, baridi ya huko ikikaribia, Mama alikuwa akikuuliza kwenye simu, "Waingereza washaichezea saa yao?" Ukimwambia ndiyo, anamwita Alyaa amshikie kiti, anapanda mwenyewe, anairudisha saa moja nyuma. Sisi wengine haturuhusiwi. Akiwa juu ya kiti anawasema Waingereza: "Washapata saa ya bure ya kulala hao, na kazini watachelewa vilevile!" Alyaa anacheka mpaka kiti kinatikisika.  Lakini siku moja aliposhuka aliniambia kwamba kila ikirudi nyuma anaona umesogezwa mbali naye, na ikipelekwa mbele mwezi wa tatu anaona umesogea karibu kidogo. Nikamwambia, "Mama, Hud yuko palepale." Akasema, "Wewe hujazaa mtoto akaenda mbali."

Mwaka huu wiki hiyo alikuwa kitandani, hata maji tunamnywesha kwa kijiko. Waingereza wakarudisha saa yao usiku wa kuamkia siku aliyokufa. Kwetu hapa hakuna aliyekumbuka. Haijawahi kuwa kazi yetu.

Tulimwosha, tukamvika sanda, uso tukauacha wazi kwa ajili yako. Nilikaa kichwani pake na simu mkononi. Saa yako ikafika saa tano, simu kimya. Nikakupigia, imezimwa. Ami akagonga mlango: "Vipi, bado?" Alyaa akamjibu, "Bado, babu. Labda mjomba amekwama njiani." Tukangoja. Nje watu wamejaa, wengine wametoka Samad na Bidiya, na Alasiri inakaribia. Mwisho Ami akaingia mwenyewe, akasimama mbele ya saa yako. Akasema pole pole, "Mwenyewe katwambia saa tano, na imeshapita sana. Maiti hawekwi zaidi ya hapa, wanangu."

Kabla ya kumfunika nilimwinamia nikamwambia, "Mama, Hud anakuaga." 

Hawajafika msikitini simu ikalia. Ukasema, "Haya Mabruka, niwekee." Nilikuwa nimekaa kwenye godoro tupu. Nilikwambia wameshatoka naye. Nilisikia watu wanapanda basi lako, mmoja anakusabahi, kisha ikakatika.

Siku ya tatu ya matanga alikuja Tamima kutoka Sur, yule mwenye mtoto anayesoma huko kwenu. Aliinua macho ukutani akasema, "Ee, saa yenu mbona bado iko kiangazi? Wenzenu washairudisha tangu Jumapili." Alyaa akamwambia, "Khala Tamima, hiyo haina kosa, ni ya mjomba Hud." Tamima akamjibu, "Mjomba wako anaendesha basi, mwanangu, haendeshi jua." Wanawake wakacheka, unajua watu wanavyocheka matangani wakipata nafasi. Mimi nilimwona Alyaa ameacha kucheka, nami nikaelewa. Ulipiga saa tano kama ulivyosema, saa yetu ndiyo iliyokuwa imetangulia saa moja. Sisi ndio tuliokungoja kabla ya wakati.

Alyaa alitaka kupanda kiti aigeuze, nikamkataza. Nimeitia kabatini pamoja na nguo za Mama.

Ami nilimweleza mwenyewe. Akachukua bakora yake akatoka. Tangu siku hiyo hali na watu. Baadaye aliniambia, "Tungejua, tungengoja hata karibu na Magharibi. Mimi ndiye niliyesema atoke. Mwambie anilaumu mimi, wewe akuache." Kila akitoka Isha anapita dirishani ananiuliza, "Kapiga?" Namwambia bado. Anasema, "Haya," anakwenda zake. Amekonda, kaka. Nimeshamzika mmoja, na huyu namwona anavyokwenda.

Sikuombi utusamehe leo. Najua umekosa kitu kisichorudi, wala sina cha kukupa badala yake. Lakini mpigie Ami. Hata ukimtolea salamu tu na kunyamaza, itamtosha. Usimwache akaondoka naye akikungoja.

Alyaa anakusalimia, bado anakulilia. Tamima pia anakupa pole. Nisalimie wifi yangu Wasan, mwambie sote tuliiona dua yake aliyoituma kwa ajili ya Mama, na nimewasomea wanawake wote. Wabusu watoto. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na watu unaowabeba, akupe subira ambayo mimi bado naitafuta.

Ukimwombea Mama, hata kama hujataka kusema nami, nitaje na mimi.

Nduguyo akupendaye,
Mabruka