Mlima Ulioutafuta Ndau

Kaka Shee,

Nimechimba. Nakupa habari hiyo kwanza, kama ulivyozoea kunidai: "Anza na ulichokiona, maoni baadaye."

Tangu tukuzike, Mama hana swali jingine. Nikirudi kutoka gazetini, kabla sijavua viatu, ananiuliza, "Umeuona mlima wa nduguyo?" Mtaa wetu mzima wa Langoni umesikia kwamba mwanawe, aliyefanya kazi na wapimaji wa miamba huko Omani, amegundua mlima uliofukiwa chini ya mchanga wa kisiwa cha Ndau. Wewe ulisema "huenda" tu. Nilipomkumbusha, alinijibu, "Kwani nti yetu, nchi nzima hii, haiwezi kuwa na mlima?"

Nakumbuka asubuhi ile ufukweni Ndau, ulipolilowesha jiwe moja la rundo lililokuwa pale ukaniwekea mkononi. Mawe ya visiwa hivi ni matumbawe, mepesi, yenye matundu. Hilo lilikuwa la kijani cheusi, zito, laini kama sabuni. Ulisema milima ya Omani imejaa mawe hayo, na kwamba yalizaliwa chini kabisa ya bahari. Kando yake palikuwa na bamba la mchanga na tope lililoganda likawa jiwe, tabaka juu ya tabaka. Hilo nalo, ukasema, ni mashapo yaliyotuama vilindini, yaliyokunjwa milima ilipoinuka. Kuyaona yote mawili pamoja, na huko Ndau, kulikuchekesha. "Nisiposoma vibaya, huenda hapa palikuwa na mlima." Kisha homa ikakuchukua kabla hujashika sururu.

Basi nilikwenda na sururu yako. Chini ya lile rundo hakuna mwamba. Kuna mchanga, kigae cha mtungi, kamba ya kumbi la nazi iliyooza, kisha mchanga tena. Nahodha mmoja wa Kizingitini alinihurumia: "Bwana, hiyo ni farumi. Chombo kikija kitupu kutoka Omani hutiwa mawe kisipinduke. Kikifika kupakia boriti, mawe hutupwa." Nikamwonyesha lile bamba. Aliligeuza huku na huku, akanirudishia. "Hili silijui. Sisi huchagua ya mviringo. Hili lingevunjika njiani."

Hapo ndipo ninapopotea. Nimeandika habari za vyombo vilivyozama na kesi za mauaji, na sikuwahi kukosa sentensi ya kwanza. Hii sijui nianzie wapi. Jiwe lilizaliwa baharini, likapanda mlimani, likaporomoka bondeni, likapakiwa chomboni, likatupwa baharini tena. Je, ulikosea? Na bamba lililetwa na nani? Wakati mwingine nakasirika, na sijui namkasirikia nani.

Jana nilimwambia Mama. Nilidhani atalia. Aliendelea kusuka ukili wake wa mkeka, kisha akasema, "Basi mlima ulikuja kwa chombo. Na nduguyo naye alinijia kwa chombo, akakaa siku chache."

Hajaniuliza tena. Sasa navua viatu kwanza, halafu nasimama pale mlangoni.

Jiwe la kijani tumeliweka kichwani pa kaburi lako. Bamba liko mezani kwangu. Sitaandika lolote gazetini mpaka nijue limetoka wapi. Nisipojua, nitaandika kwamba sijui, na kwamba wewe ulisema "huenda".

Mola akurehemu, Kaka. Sururu nimeipaka mafuta. Upande wa kaskazini wa rundo bado sijauchimba.

Nduguyo,
Omari