Masale Kando ya Barabara Kuu

Bereko, Kondoa
Jumapili, 22 Februari 1998

Dada yangu Ndeshi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo ule uliokuwa unakusumbua umeshatulia. Mimi sijambo, lori halijambo, na baba ndiye mzima kutushinda wote. Asubuhi hii amekunywa uji bakuli mbili, kisha akalalamika kwamba watu wa huku hawajui loshoro ni kitu gani, wala hawajaona mahindi yakichanganywa na maziwa ya mgando. Nisalimie majirani wote, na ng'ombe, na yule kuku wako mwekundu anayenifukuza kila nikija.

Najua hukuketi chini kusoma salamu. Unataka kujua jambo moja tu: baba atakuwepo Jumamosi ijayo au hatakuwepo? Kaka Reginald ameshawaalika wazee wa ukoo na mchungaji, ili mbele yao baba anikabidhi mimi nyumba na kihamba chote, migomba na kahawa hadi chini kwenye chemchemi, kama desturi yetu inavyompa mziwanda. Siku tunaondoka ulimkunjia baba blanketi, ukaniambia kwa utani nimrudishe salama, maana baada ya kikao hicho hujui mwenye nyumba mpya atakupa chumba gani. Mimi nikacheka. Lakini utani ule, dada, nimesafiri nao kutoka Arusha hadi Tunduma. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo, kwa sababu jibu lenyewe nimelikuta njiani na sijui kulisema bila kukupitisha njia hiyo.

Unakumbuka ombi la baba. Alifanya kazi ya barabara hii miaka thelathini na mitatu, lakini vipande vipande, kambi hii mwaka huu na kambi ile mwaka ujao, akiwa na sururu au nyuma ya greda. Alitaka aione yote mara moja, amekaa kitini kama bwana mkubwa, kutoka Namanga hadi mpaka wa Zambia. Basi tulianzia Namanga kwenyewe, kupakia sabuni na mafuta ya kupikia. Weee, Namanga ya siku hizi! Tangu mambo yawe ruksa, hapo ni marobota ya mitumba, wabadilishaji fedha, na akina mama wa Kimasai wanaouza shanga kwa Wazungu. Baba akaniambia kwamba mpaka ulipofungwa mwaka sabini na saba alipita hapohapo, akakuta barabara imeota majani katikati na swala wamelala juu ya lami. Alipokuwa anayatazama yale malori yamepanga foleni, uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemwona mwanawe anahitimu.

Tulipita Longido, tukapita Ngaramtoni siku ya soko, tukashuka Arusha mjini. Pale kwenye mnara wa saa nikamwonyesha mahali watu wanaposema ndipo katikati ya Kairo na Kepu ya Afrika Kusini. Baba akauliza ni nani aliyeshika kamba wakati wa kupima. Akasema Wazungu walikuwa na ndoto ya njia moja tangu juu kabisa ya Afrika hadi chini kabisa, wakaichora kwenye ramani kwa kalamu, lakini kalamu haivunji mawe. Mawe waliyavunja yeye na wenzake. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya serikali ya mkoloni kuwafukuza Wameru Ngare Nanyuki. Shamba lao lilichukuliwa, akabaki hana hata mahali pa kuchomeka mgomba, akaenda kuomba kibarua. Haya nilikuwa nikiyasikia tangu utoto, nikiwaza chakula kitaiva lini. Safari hii niliyasikia.

Sikufichi, dada, mimi ni dereva miaka tisa sasa, na njia hii nilikuwa naiona kama adui. Mashimo, vumbi, pancha, basi. Nikiwa na baba nikaona kazi ya watu. Baada ya Makuyuni, lami ilipotuchoka ikaisha, alikuwa ananiambia kabla hatujafika kwamba mbele kuna kona, na baada ya kona kuna udongo mweusi unaovimba, na kwamba palijazwa kokoto kimo cha mtu. Babati alinisimamisha ili ashuke kukanyaga daraja kwa mguu. Dodoma akanitajia rafiki zake watatu waliokufa kwa malaria kambini. Mtera, Iringa, Makambako, kila mahali ana jina la mtu. Tulipofika Tunduma tukakuta malori kutoka Afrika Kusini marefu kama treni. Baba alivua kofia, akaitazama ile lami inavyoendelea ng'ambo, akasema huko wamemalizia wenzetu, na wamemaliza vizuri. Nilimpenda sana baba siku ile. Nakuambia wazi, maana nyumbani hatusemi haya.

Kurudi tukapakia mchele Mbeya, tani kumi. Mvua hizi unazijua, mwaka huu mbingu imetoboka. Tulivuka Kondoa kwa shida, na tarehe tisa, karibu na hapa Bereko, tukakuta bonde limekula barabara. Mabomba ya saruji yaliyowekwa miaka ya karibuni yamebebwa na maji, yamelala huko chini. Malori kumi na saba yamesimama. Hapo ndipo nilipompa mtu telegramu akaipeleke Kondoa, ile uliyoipata, kwamba mvua imekata barabara. Siku hiyo ilikuwa kweli.

Sasa sikia alichofanya mzee wako. Asubuhi ya pili alichukua fimbo akashuka bondeni peke yake. Nikamfuata huku nagomba, nikimwambia atateleza, nitakuambia nini mimi. Yeye akazidi kushuka. Alikuwa amesimama kwenye majani marefu, anatazama mimea mitano imejipanga kwa mstari, kila mmoja na nafasi yake, na mbele yake mingine mitano. Ilikuwa masale, dada! Masale kabisa, kama yale ya mpaka wetu na akina mama Anyesi, huku Kondoa ambako hakuna mtu anayepanda sale.

Kumbe aliyapanda yeye, mwaka hamsini na tatu. Barabara ya kwanza ilipita hapo chini, na walijenga makalvati matano ya kupitisha maji chini yake, ya mawe ya kuchonga kwa mkono. Greda lilikuwa likija linabomoa vichwa vya makalvati kwa sababu majani yaliyaficha. Baba akaagiza masale kutoka Meru, akapanda moja kila mwisho wa kalvati, kama sisi tunavyoweka alama ya mpaka. Alidhani kila mtu duniani akiona sale atajua kwamba hapa pana mwisho wa kitu, usiguse. Wenyeji wa hapa hawakujua lolote. Mzee Swalehe, ambaye alikuwa kibarua mwenzake katika kambi nyingine na sasa ndiye mwenyekiti wa kijiji, alicheka mpaka akakaa chini. Anasema kijiji kizima kimeamini miaka yote hiyo kwamba yale ni makaburi ya vibarua wa barabara. Akina mama wakipita hapo huwanyamazisha watoto. Hakuna aliyelima, hakuna aliyekata, na wakati barabara ilipohamishwa juu, masale yakabaki yamelinda makaburi yasiyo na maiti.

Baba akasema chimbeni katikati ya sale na sale. Tulichimba sisi madereva na vijana wa kijiji, matope hadi kiunoni. Siku ya tatu jembe likagonga jiwe. Kalvati lilikuwa zima, dada. Limeziba tu. Tulipolizibua maji yalipiga mluzi yakapita chini yake kana kwamba yalikuwa yanasubiri. Watu walipiga kelele, Mzee Swalehe akamkumbatia baba, na mimi nikalia mbele ya madereva wenzangu bila aibu. Mzee ambaye nyumbani tunamnyang'anya panga tukimwambia akapumzike, huku anaamuru watu arobaini na wote wanakimbia. Tumeshazibua makalvati matatu. Tangu Jumatatu magari madogo yanapita kwa njia ya zamani. Malori yenye mzigo baba ameyakataza, pamoja na hili ninaloendesha, hadi mawe yatulie.

Umesikia nilivyosema, magari madogo yanapita tangu Jumatatu. Alhamisi ilipita Landrover ya mwalimu mmoja anayekwenda Arusha, ina nafasi mbele, na baba angekuwa nyumbani usiku uleule. Alikataa kupanda. Amesema habanduki hapa mpaka amalize makalvati yote matano kabla ya masika. Nami sikumlazimisha. Kwa hiyo Jumamosi baba hatakuwepo, na tena si kwa sababu ya mvua.

Sasa nimefika penyewe.

Siku moja tukiwa tunachimba, baba aliniuliza nyumbani ni nani anayesafisha mfereji. Nikamjibu ni Ndeshi. Akaniuliza nani anapunguzia kahawa matawi, nikasema Ndeshi. Kisha akaniuliza mimi nimepanda nini katika kihamba kile tangu nizaliwe. Dada, nilitafuta. Nilitafuta hata mchaichai mmoja. Sikupata.

Ndipo nikamwambia ninalokuambia na wewe sasa. Krismasi iliyopita, ulipokuwa jikoni unatupikia, Reginald alinichukua nje akaniambia kuna mtu anataka kipande cha chini, pale kwenye chemchemi, ajenge hoteli ya watalii. Akasema nikishakabidhiwa tu, nitie sahihi, nami nitapata lori langu mwenyewe. Nikamuuliza wewe utakwenda wapi, maana chumba chako kiko hukohuko chini. Akasema utapata pa kukaa kwake Sekei. Nikasema sawa. Tukashikana mikono. Kisha tukaingia ndani, nikala nyama uliyoipika, na ukaniongezea. Usimchukie Reginald, yeye anaona maendeleo na alisema waziwazi. Mimi ndiye niliyekutazama usoni nikanyamaza. Wewe uliyeacha shule ili mimi nimalize, uliyerudi kutoka kwa mume ukamuuguza mama hadi mwisho. Nilikuuza, kisha nikapokea sahani ya nyama mkononi mwako. Nisamehe, dada. Sina maneno mengine.

Baba aliposikia aliketi juu ya jiwe, na kutwa nzima akawa ananipa maagizo kupitia kwa vijana. Niliogopa. Kesho yake akamwita Mzee Swalehe na mwalimu mkuu wa shule ya hapa, akaeleza polepole, na mwalimu akaandika. Alisema desturi humpa mziwanda nyumba kwa sababu mziwanda ndiye anayebaki wakati wengine wameondoka, ili wazazi wasizeeke peke yao. Kwake yeye aliyebaki ni Ndeshi. Basi nyumba ni ya Ndeshi, na kihamba, na chemchemi. Akasema yeye alishawahi kufukuzwa kwenye ardhi na anajua inavyouma, na hatakubali mtoto wake afukuzwe na ndugu zake wa tumbo moja. Karatasi hiyo iko ndani ya bahasha hii. Ina sahihi ya baba, na mashahidi wawili, na ya mwisho ni yangu, kwamba nimekubali na sidai kitu. Mpe mchungaji aisome Jumamosi kabla Reginald hajaanza kuongea. Wazee watapiga kelele kwamba mtoto wa kike hapewi. Waache wapige. Baba amesema mwenye neno aje Bereko, atamkuta bondeni na atampa koleo.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa Kimandolu, anaitwa Rachel, amekuja huku kununua karanga na anarudi kesho. Mpe chai. Nipelekee salamu kwa mchungaji, kwa mama Anyesi na watoto wake, na kwa Reginald pia, mwambie nitakuja kumwona mwenyewe na sitajificha. Baba anakusalimu sana, anasema usibebe ndoo nzito, na kahawa iliyoiva usiiache mtini ukimngoja yeye.

Nitakuja Pasaka, Mungu akitujalia. Zamani nilikuwa naingia nyumbani bila hata kugonga, nakaa kwenye kiti cha baba na kuuliza chakula kiko wapi. Safari hii nitasimama nje, nipige hodi. Ukinyamaza nitaelewa, nitageuza lori niondoke. Ila ukisema karibu, dada, nitaingia.

Ni mimi mdogo wako,
Sifaeli Sumari