Siku Ile Barabara Ilikuwa Kavu

Baba Nasra,

Salamu nimezitafuta moyoni nikazikosa, kwa hiyo nianze bila hizo. Bado nakuita Baba Nasra kwa sababu ubaba haufutiki hata mtu akihama mji.

Jumapili mdogo wako Idi alikuja hapa Mchikichini. Alinikuta uani naanika nguo. Nikampa chai, akaulizia afya yangu, akazunguka na maneno mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema huku anaangalia chini: "Shemeji, kaka yuko Morogoro. Ana kazi, ana nyumba. Anaomba Nasra akaishi naye. Anasema wewe kwa hali hiyo hujiwezi, mtoto atateseka."

 Idi hana kosa, ametumwa tu. Jibu nakuandikia wewe, na naliandika waziwazi, anayetaka kusoma asome. Wewe uliondoka kimyakimya, na mimi ukimya nimeuchoka.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa unaegesha pikipiki yako kijiwe cha Gerezani, mimi natafuta wa kunibebea kiroba cha nguo za watoto. Wenzako walikikataa, kikubwa mno. Wewe ukakifunga kwa mipira nyuma, ukanikalisha katikati, ukasema, "Dada, wewe shika kiroba, mimi nitashika barabara." Nilicheka njia nzima. Tulipooana, jioni ulikuwa unanipitia sokoni, tunasimama kula mishkaki pale kona, unanichagulia iliyoiva vizuri. Nasra alipozaliwa ulichota maji arobaini nzima, hukumruhusu mtu aguse ndoo yangu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Ingekuwa rahisi kwangu kama ungekuwa mbaya tangu mwanzo.

Asubuhi ile tulikuwa tunawahi belo jipya la mitumba lifunguliwe sokoni. Ukifika wa mwisho, unaokota matambara. Foleni ilikuwa imesimama, ukakata ukaingia njia ya mabasi ya mwendokasi. Nikakupiga begani.

"Toka humo, Baba Nasra, basi litakuja."

"Kaa vizuri. Acha woga."

Basi likaja nyuma yetu, linapiga honi. Halikutugusa. Ulikata kona kwa hofu, tukagonga ukingo wa zege. Wewe ulirushwa upande wa watembea kwa miguu, ukachubuka kiwiko. Mguu wangu ulibaki kati ya pikipiki na zege. Nakumbuka ulivua shati ukanifunga, unalia mbele za watu bila haya. "Usilale, mke wangu. Niangalie mimi." Nilikuangalia wewe tu.

Hospitali walijitahidi, mguu haukuwezekana. Walikata chini ya goti. Nilipozinduka ulikuwa umeinama sikioni kwangu, mama yangu yuko mlangoni anasubiri kuingia. Ukaninong'oneza: "Waambie pikipiki iliteleza. Waambie ni mvua. Mama yako atanitoa roho." Nikakubali. Mama akaingia, nikamwambia mvua. Ndugu zako wakaja, nikawaambia mvua. Nasra naye nikamwambia hivyo hivyo.

Nilidhani nimekusitiri. Kumbe nilikufungulia mlango wa kutokea.

Maana nyumbani hukuweza kuniangalia tena. Choo chetu unakijua, cha kuchuchumaa, sakafu imelowa muda wote. Mtu wa mguu mmoja anachuchumaaje? Nilikusubiri ufikirie. Mama ndiye aliyechukua kiti cha plastiki, akakitoboa katikati kwa kisu cha moto, akakiweka juu ya tundu. Wewe ulikuwa kijiweni. Wageni wakija ulinitupia khanga miguuni kabla hawajakaa, kama mtu anayefunika chakula kisiingie inzi. Na siku ile vidole viliponiwasha, vile ambavyo havipo, nikakuomba unikune, nikakuonyesha pale kwenye godoro patupu. Ulipatazama, ukatoka nje. Sikuwa nimerukwa na akili, Baba Nasra. Waliokatwa wote wanayajua hayo. Ungeuliza ungeambiwa.

Kisha ukasema unaenda Morogoro kutazama kazi, Ijumaa utarudi. Hukunipa talaka, hukuniaga. Namba yako ikawa haipatikani.

Sasa nikueleze huko kutojiweza kwangu.

Nilijifunza kutembea na magongo humu humu uani, naanguka, naamka, majirani wanasema, "Pole, hujafa hujaumbika." Maneno hayo nimeambiwa mpaka nimeyachukia. Niliporudi sokoni, meza yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilikaa chini mbele yake nikapiga kelele mpaka viongozi wa soko wakaja, nikarudishiwa. Belo likifunguliwa siwezi kugombania, kwa hiyo napatana na mwenye belo kabla, nachukua za watoto wachanga ambazo wengi hawazitaki. Nazifua, nazipiga pasi, nazitundika. Miguu imepungua, sauti ipo. "Za watoto hizo, mama, chagua, chagua!" Nasikika mpaka barabarani.

Siku moja nilikuwa Kariakoo nimechoka, nikakaa kwenye ngazi ya duka moja nipumzike. Mwanaume mmoja akapita, akanidondoshea sarafu mapajani, akaendelea na safari. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikamwita: "Kaka! Rudi hapa. Mimi nauza, siombi. Una mtoto?" Akarudi kwa aibu. Akasema anaye. Nikafungua mfuko wangu wa nguo pale pale nikamuuzia suruali na fulana. Alipoondoka nililia, usidhani sikulia. Lakini niliuza kwanza.

Mguu wa bandia nimeupata. Rangi yake si yangu, unanichubua, jioni nikiuvua kigutu kimevimba. Mwalimu wa mazoezi anasema nitazoea. Namwamini siku nyingine, siku nyingine simwamini. Watu wananiuliza napata wapi moyo, na jibu zuri sina. Kuna asubuhi naamka nawachukia wote wenye miguu miwili, wewe wa kwanza. Halafu Nasra anaita, "Mama, uji," na siwezi kupika uji huku nimelala. Basi nainuka. Matumaini yangu ndiyo hayo, usiyatafutie jina zuri zaidi.

Lakini kuna jambo moja huko Morogoro hukulifikiria. Mwanao anaogopa mvua.

Mawingu yakitanda tu anaanza kutetemeka. Shuleni walinipigia simu nikamchukue, alikuwa amejificha chini ya dawati kwa sababu bati lilikuwa linalia. Nyumbani akaniuliza, "Mama, mvua ndiyo ilikukata mguu na kumfukuza baba?" Nilikosa pa kuweka uso. Uongo wako mimi niliubeba kama mzigo wangu, kumbe mtoto naye alikuwa ameshika upande wa pili.

Idi alipoondoka Jumapili, nilimkalisha Nasra kitandani. Mama yangu alikuwepo, nikataka naye asikie. Nikasema, "Siku ile barabara ilikuwa kavu. Jua lilikuwa linawaka." Nikamweleza yote, njia ya basi, honi, zege. Sikukutukana. Nikamweleza pia kuhusu shati lako, maana nalo ni kweli.

Mama alisimama akaenda nje, akakaa huko muda mrefu. Nasra hakulia. Aliuliza, "Baba alikuwa anajua kwamba si mvua?"

Nikasema, "Alikuwa anajua."

 Kisha akasema, "Mimi siendi Morogoro."

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo, na si langu peke yangu. Usimtume Idi tena, umemzeesha bure. Ukitaka kumwona mwanao, njoo mwenyewe, mchana, upitie mlango wa mbele, ukae kwenye mkeka mbele ya mama yangu. Talaka yangu uje nayo. Nasra atakuamkia, kwa sababu nimemfundisha kuamkia kila mtu mzima anayeingia humu ndani. Zaidi ya shikamoo, usiniombe mimi nikupatie. Hayo mengine utamwomba yeye, na yeye ana haki ya kukunyima.

Jana imenyesha kutwa nzima. Aliiogopa kidogo, kisha akatoa mkono dirishani. Nilitamani uone. Nikakasirika kwamba nilitamani.

Ubaki salama huko uliko.

Mimi,
Mama Nasra